Mgonjwa akisharuhusiwa, nani alipe mwaka unaofuata?

Mtoa mada, Dar es Salaam

Wakuu, salaam. Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili asiyeupenda ajue pa kunishika: bima ya afya iwe ya lazima kwa kila kaya, tena ilipie na miezi ya mgonjwa kujiuguza nyumbani, isiishie kitanda cha wodini. Michango yetu ya kwenye magrupu ya WhatsApp haina kifua cha ugonjwa mrefu. Nimekuwa mweka hazina wa mmoja, nimeuona unavyokufa.

Baba alipata kiharusi mwaka juzi, upande wote wa kulia ukalala. Siku ya kwanza grupu la ukoo liliwaka. Watu zaidi ya sitini, kila dakika mtu anatuma hela na kuuliza "imeingia?" Ndani ya siku kumi tulikuwa tumelipa kipimo cha kichwa, kitanda na dawa, na chenji ikabaki. Akaruhusiwa. Tukapiga picha getini, nikairusha kwenye grupu, watu wakajibu Alhamdulillah na Amina. Ile picha ndiyo iliyofunga michango. Kwao mzee kapona.

Daftari langu linasema vingine. Bajaji ya kumpeleka mazoezi 8,000, ya kumrudisha 8,000, mara mbili kwa wiki. Mazoezi yenyewe 15,000 kila tukienda. Nepi za watu wazima, pakiti haimalizi siku nne. Dawa za presha kila mwezi. Fundi wa kuchomelea bomba la kushikia chooni. Halafu kuna gharama isiyo na risiti: dada yetu mdogo alifunga genge lake la mboga ili awe anamgeuza baba kitandani, na mpaka leo genge halijafunguliwa.

Mwezi wa tatu niliomba 5,000 kwa kila mtu. Walitoa wanne. Mmoja akaweka emoji ya mikono ya dua. Siwalaumu, maana mchango unafuata habari mpya, na mgonjwa wa kiharusi hana habari mpya. Habari yake ni kwamba leo kafunga kifungo cha pili cha shati kwa mkono wa kulia. Alikianza redio inaanza taarifa ya habari ya saa mbili, akakimaliza wanasoma matokeo ya mpira. Utaliombea hilo mchango kwa maneno gani?

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Bunge letu lilishaipitisha Novemba 2023. Kwa hiyo ubishi wa iwepo au isiwepo naona umepitwa. Tubishane inalipia nini, na asiye na kitu analipiwa na nani. Karibuni.

Muuza mitumba, Mwanza

Mtoa mada, pole kwa kumuuguza mzee. Ila hapo kwenye "lazima" nakukatalia. Kwa mwajiriwa ulazima ni rahisi. Anakatwa 3% ya mshahara, mwajiri anaongeza 3%, hela inaondoka hajaishika. NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, ndivyo ulivyoanza na watumishi wa umma mwaka 2001. Mimi mnanikatia wapi? Belo likifunguka bovu, mwezi huo mshahara wangu ni deni.

Na msinione sijui bima. Nilikata CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii, 30,000 kwa kaya ya watu sita, bei ambayo hata mimi siwezi kuilalamikia. Mke wangu akampeleka mtoto kituoni, akapimwa vizuri, akaandikiwa dawa tatu. Dirishani akapewa moja, mbili akaambiwa kanunue nje. Mwaka uliofuata sikulipa. Anayetaka kuniletea mgambo aanzie kwenye lile dirisha.

Muuguzi, Tanga

Ndugu wa Mwanza, hilo dirisha nalijua kutokea ndani, na hukusema uongo. Lakini kila mtu akisubiri aumwe ndiyo alipe, litazidi kuwa tupu. Mnaikumbuka Toto Afya Kadi, ile bima ya watoto? 50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Wazazi wengi wakawa wanaikata mtoto akishaugua, ukafika mwaka 2023 uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja ukasitishwa, watoto wakatakiwa waingie kupitia shule au kifurushi cha familia. Mfuko wa wagonjwa watupu haukai. Hapo niko na mtoa mada.

Nimwongezee lake. Kitanda kinasubiriwa na mwingine, kwa hiyo mgonjwa akitulia tunamruhusu. Ndugu anasaini, anapewa dawa, anaondoka, na mara nyingi hakuna aliyemwonyesha namna ya kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili, wala kumlisha akiwa ameketi asipaliwe. Wiki ya tatu wanarudi na kidonda cha kulalia, mfupa unaonekana. Kuosha kile kidonda kuna fomu ya madai. Nusu saa ya kumfundisha yule ndugu kabla hajatoka, sijawahi kujaza fomu yake.

Mkazi wa Mbezi

Kadi ya harusi single laki, double laki na nusu, mnalipa huku mnacheka. Mgonjwa mnamtumia emoji. Nimemaliza.

Katibu wa kikundi cha kinamama, Mbagala

Hiyo ya harusi imechosha, baba. Harusi ina tarehe, ina kamati, ina pilau. Mchango wa ugonjwa mnauanzisha usiku, mtu ana presha, mnategemea uende wenyewe.

Sisi tuko 32. Katiba yetu ya zamani ilisema mwanachama akilazwa, apewe 200,000 mara moja. Ikatokea mwenzetu mmoja, titi lilitolewa, hela ikaishia palepale hospitali, na baada ya hapo tukimtembelea tunabeba machungwa tu. Akatuambia mwenyewe, bila hasira: "Mlinipa nyingi siku ambayo kila mtu alikuwa ananipa." Tukakaa, tukabadilisha. Sasa akilazwa anapata 50,000, na kila mwezi 25,000 kwa miezi sita. Jumla ni ileile, hatukuongeza hata mia. Tukaweka na zamu, kila Jumamosi wawili wanakwenda kufua na kupika. Usipotokea, faini 2,000. Kwa hiyo mtoa mada usiseme michango haina kifua. Ya kwenu ndiyo haikuwa na utaratibu.

Hiyo kadi mnayoisifu nayo ina siku zake. Machi 2024 hospitali binafsi kadhaa ziligoma kupokea wenye kadi za NHIF kwa sababu ya kitita kipya cha bei. Jirani yangu yalimkuta na kadi mkononi, mume mgongoni.

Msomaji wa Kisauni, Mombasa

Nawasoma kutoka ng'ambo ya mpaka. Huko kwenye lazima sisi tushafika. NHIF yetu (jina moja na yenu, ila ya kwetu ilikuwa ya tangu 1966) iliondolewa, na tarehe 1 Oktoba 2024 ikaingia SHA, bima mpya ya afya ya serikali. Mwajiriwa hukatwa 2.75% ya mshahara wote. Wa jua kali, yaani asiyeajiriwa, huulizwa maswali: paa lako la nini, choo chako cha aina gani, una mifugo? Kisha mfumo humpigia hesabu, na hapungui shilingi 300 za Kenya kwa mwezi.

300 si neno. Neno ni kuwa asiyeajiriwa hutakiwa atoe ya mwaka mzima kwa mkupuo. Mvuvi ana pesa leo, kesho bahari imechafuka. Tena hayo maswali! Mama yangu mdogo paa lake ni mabati mapya, aliezekewa na mwanawe alioko Saudia, basi akahesabiwa mwenye nazo. Hana kazi, ana mabati. Harambee za hospitali nazo hazijakoma, kila wiki naona nambari ya paybill ya mtu.

Mtoa mada

Nimerudi. Jana tulikuwa na zamu ya mazoezi.

Dada wa Mbagala, katiba yenu naichukua kama ilivyo, na Jumapili naisoma kwa ukoo. Umenishika hasa pale pa kutoa nyingi siku ambayo kila mtu anatoa. Lakini nami nikushike kwenye hesabu. Safari moja ya mazoezi ni bajaji 16,000 na mazoezi 15,000, jumla 31,000. Kwa mwezi safari nane, 248,000. Ile 25,000 yenu haimfikishi mzee wangu hata safari moja. Kufua kwenu na kupika kungemsaidia dada yangu kufungua genge, na hakuna bima duniani itakayokuja kufua Jumamosi. Lakini zile 248,000 hakuna kikundi cha watu 32 kitakachozibeba akiugua wa pili na wa tatu. Hizo ni za mfuko wa watu mamilioni, na mfuko wa hiari dada wa Tanga keshatueleza unavyoishia.

Kaka wa Mwanza, la dirisha la dawa nalikubali, na hoja yangu nairekebisha: kituo kisicho na dawa kisipewe nguvu ya kumdai mtu. La belo bovu sina jibu. Kama la Kisauni ndilo jibu, la kuhesabiana mabati, silitaki. Ningependa mtu alipe akivuna, akiuza, akivua. Serikali inaijua misimu hiyo vizuri sana inapodai ushuru.

Msomaji wa Kisauni, niulizie: ukiwa na SHA iliyolipiwa, mtu wa mazoezi akija nyumbani wanamlipa?

Mzee anaendelea. Tangu mwezi wa tatu tumepunguza mazoezi, anakwenda mara moja kwa wiki. Siyo daktari aliyeshauri.

Muuguzi, Tanga

Kaka, mara moja haitoshi. Mzee ana miaka mingapi? Kama kapita 60 na hana kipato, mchukulie barua kwa mtendaji wa mtaa, uende nayo ustawi wa jamii kwenye hospitali ya serikali, uombe msamaha wa wazee. Nenda asubuhi, maana foleni ni ndefu, na watakwambia njoo kesho. Rudi hiyo kesho.

Nyumbani, beseni la maji ya uvuguvugu na taulo dogo. Alikamue kwa mkono uleule wa kulia, asubuhi na jioni, na dada yako asimsaidie hata maji yakimwagika. Vifungo msimwachishe. Shati lina vingapi?

Mtoa mada

Saba. Yuko cha nne.