Kuteleza kwenye mawimbi Coco Beach: je, mawe yale yanaruhusu?

Mkazi wa Kinondoni:

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu nyote. Tangu nilipotazama mashindano ya Olimpiki ya mwaka 2024 yaliyofanyika Teahupo'o, kule Tahiti, nimekuwa na hamu kubwa ya kujifunza mchezo wa kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao. Rafiki yangu aliyehama nchini ameniachia ubao wa sponji wenye urefu wa futi 8 pamoja na kamba yake ya kufunga mguuni, kwa hiyo kisingizio cha kukosa vifaa sina tena. Kuogelea ninajua, ingawa zaidi ni kwa bwawani.

Ufukwe ulio karibu nami ni Coco Beach, hapa Dar es Salaam. Miezi ya kusi, upepo wa kutoka kusini, nimewaona vijana wakilala kifudifudi juu ya vibao vifupi na kusukumwa na mawimbi hadi ufukoni, na wanaonekana kufurahi sana. Hata hivyo, nikipita pale maji yakiwa yamekupwa, ninaona majabali yenye ncha kali karibu kila mahali, na ninajiuliza wale vijana wanaangukia wapi. Ninaomba mwenye uzoefu anieleze kama pale panafaa kwa anayeanza, ni msimu gani na saa ngapi za kwenda, na ni hatari zipi ambazo mtu wa bwawani kama mimi hawezi kuziona kwa macho.

Mzee wa Msasani:

Ndugu yangu, inawezekana, lakini si kila siku, si kila saa, wala si mahali popote utakapopapenda. Wengi wanaouliza habari za Coco Beach huanza na wimbi. Kwenye ufukwe wa mawe mambo ya kuulizia kwanza ni mawili: kina cha maji juu ya jabali, na njia ya kutokea majini. Wimbi lenyewe ni la tatu.

Mawe unayoyaona ni matumbawe ya kale, yaliyojengwa na viumbe wa baharini wakati usawa wa bahari ulipokuwa tofauti na wa leo, kisha yakabaki nchi kavu na kuliwa na maji ya chumvi kwa muda mrefu. Ndiyo maana yana mashimo na makali kama kibao cha mbuzi ya nazi. Baina ya majabali hayo kuna vipande vya mchanga, na vijana uliowaona hawaangukii popote tu: wamekulia pale, wanajua kipande gani kina mchanga na kipi kina jiwe lililojificha. Elimu hiyo huipati kwa kuwatazama kutoka barabarani Toure Drive. Nenda siku ya bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, saa nne au saa tano asubuhi, maji yakiwa yamekupwa kabisa, uvae viatu vigumu na utembee juu ya jabali lote pamoja na waokota pweza. Tazama mchanga unaanzia wapi na unaishia wapi, tazama mifereji ambayo maji hupita yakirudi baharini, kisha chagua alama nchi kavu, mti au jengo, itakayokuonyesha mahali hapo maji yatakapokuwa yamefunika kila kitu.

Sasa nije kwenye saa, kwa sababu hapa ndipo wageni wanapochanganyikiwa. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Mwezi unapokuwa mpevu au mwandamo, na siku mbili tatu baadaye, tunakuwa na bamvua: tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hapa Dar es Salaam hupita mita 3, maji hujaa mnamo saa kumi au kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa katikati ya asubuhi. Mwezi ukiwa nusu, tunakuwa na maji mafu: tofauti hushuka hadi karibu mita 1, na maji hujaa mnamo saa nne au saa tano asubuhi.

Mtu angedhani kwamba bamvua ndiyo bora, kwa kuwa maji ni mengi na mawe yako mbali chini. Mimi sikubaliani. Jioni ya bamvua maji hufika hadi kwenye majabali ya juu na kingo za barabara, wimbi hugonga pale na kurudi kwa nguvu likakutane na linalokuja, na katikati yao ubao wako hautulii hata kidogo. Mbaya zaidi, ule ufuko wa mchanga ambao ungetokea umemezwa. Isitoshe, jioni ndipo upepo wa kusi unapokuwa umechafua bahari yote. Anayeanza namshauri achague siku za maji mafu au zinazokaribia, aingie ikiwa imebaki muda wa saa moja na nusu hivi kabla ya maji kujaa, na atoke mara yanapoanza kugeuka. Anapata asubuhi yenye upepo mdogo, kina kisichobadilika haraka, na ufuko wa kutokea bado upo.

Kuhusu msimu, kusi huanza kushika Aprili au Mei na kuendelea hadi Septemba, wakati mwingine Oktoba. Ufukwe ule unatazama mashariki, na baina ya Mafia na Unguja kuna uwazi ambao mawimbi ya Bahari ya Hindi hupita bila kizuizi kikubwa. Wakati wa kaskazi, Unguja hutukinga kwa kiasi na bahari hupungua. Usitarajie mawimbi ya Tahiti, hata hivyo. Mengi yanaumbwa na upepo wa karibu, hivyo ni mafupi, hufuatana upesi, na nguvu yake si ya kutisha. Kwa ubao wa futi 8 wa sponji hayo yanatosha kabisa.

Muuguzi wa Zamu:

Ninamuunga mkono Mzee wa Msasani, ila ameruka jambo moja ambalo sisi tulio upande wa tiba tunalikuta kila mwaka. Mwanzo wa kusi hukutana na masika. Mto Msimbazi, uliopita katikati ya jiji na kubeba maji ya mitaro na ya vyoo vilivyofurika, unamwagika baharini pale Daraja la Selander na Daraja jipya la Tanzanite, kusini kidogo tu ya Coco Beach, na mkondo wa bahari katika pwani yetu huelekea kaskazini. Kwa hiyo mawimbi mazuri ya kwanza ya mwaka mara nyingi huja pamoja na maji ambayo nisingependa yamwingie mtu mdomoni, sembuse kwenye kidonda. Baada ya mvua kubwa subiri siku kadhaa, na ukiona maji bado ni ya kahawia yenye taka zinazoelea, rudi nyumbani. Binafsi ningeanza Juni.

Ukichanika kwenye jabali, usidharau mchubuko. Vipande vidogo vya tumbawe hubaki ndani na kuleta usaha. Osha kwa maji safi mengi, sugua taratibu kwa sabuni hata kama inauma, toa chembe zote, kisha paka dawa ya kuua vijidudu, na hakikisha chanjo yako ya pepopunda haijapitwa na wakati. Ukikanyaga wale viumbe weusi wenye miba mirefu wanaojificha mashimoni, loweka mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kustahimili bila kuungua, toa miba inayoshikika, na iliyozama sana usiichokoe kwa sindano ya kushonea, njoo zahanati. Viatu vya mpira vya majini vinapunguza shida hii kwa sehemu kubwa.

Aliyekaa Dakar:

Nimefanya kazi Dakar, Senegali, jiji ambalo karibu mawimbi yake yote ya maana huvunjikia juu ya mawe meusi ya volkano: Ngor, Almadies, Ouakam. Mawe yao si ya aina ya kwetu na mawimbi yao ni makubwa zaidi, lakini adabu ya kuingia na kutoka inafanana, na ndiyo ninayotaka kuiongezea hapa.

Mawimbi huja kwa makundi. Kabla ya kugusa maji, kaa nchi kavu kwa muda wa kutosha kuona makundi kadhaa yakipita, ili ujue utulivu wa katikati unadumu kiasi gani. Ndani ya utulivu huo ndipo unapoingia na ndipo unapotoka. Usiruke kutoka juu ya jiwe kwa sababu umeona mwenyeji akifanya hivyo. Ukiwa majini, ubao usikae kamwe baina yako na wimbi, kwa kuwa litakutupia usoni, uweke ubavuni. Ukianguka, anguka kwa ubapa, kwa mgongo au makalio, wala si kwa kichwa wala kwa miguu iliyonyooka, kisha ibuka ukiwa umefunika kichwa kwa mikono. Watu wa bwawani hupenda kupiga mbizi wanapoanguka, na hiyo ndiyo tabia ya kwanza ya kuacha.

Jambo la mwisho ni mfereji. Maji yaliyoletwa ufukoni na mawimbi lazima yarudi, na kwenye ufukwe wa mawe hurudi kwa kupitia nafasi zilizo baina ya majabali. Kutoka juu nafasi hizo huonekana tulivu, mawimbi hayavunjiki pale, na mgeni hudhani ndipo salama. Mwenye ubao huzitumia kwenda nje bila kuchoka, lakini anayetaka kurudi kupitia hapo atapiga makasia ya mikono hadi aishiwe nguvu. Ukijikuta unavutwa, lala juu ya ubao, enda sambamba na ufuko hadi utakapoona mawimbi yanavunjika, kisha acha yakusukume.

Abiria wa Kivuko:

Nawaheshimu wote waliotangulia, lakini nashangaa kwa nini mnamfundisha mtu kuishi na mawe wakati mchanga upo. Akivuka Magogoni kwa kivuko, au apite daraja la Kigamboni lililofunguliwa mwaka 2016, atakuta fukwe ndefu za mchanga zinazotazama bahari ileile na kupokea kusi hiyohiyo. Anayeanza ataanguka mara nyingi kuliko atakavyosimama, kwa hiyo aangukie mahali palipo laini. Coco Beach aende akishajua kugeuza ubao na kuuzuia. Hata umati nao ni tatizo: Jumapili jioni watu wa mihogo na mishikaki wamejaa, watoto wako majini, na ubao wa futi 8 uliomponyoka mwenyewe ni hatari kwa kichwa cha mtoto wa jirani.

Wala asikimbilie Kunduchi au Mbezi kutafuta mawimbi, kwa kuwa visiwa vya Bongoyo na Mbudya vimeziba njia. Huko ni kuzuri kwa kujizoeza kupiga makasia juu ya ubao na si zaidi ya hapo.

Mkazi wa Kinondoni:

Ninawashukuru sana. Nimeamua kuanza Kigamboni kama alivyosema Abiria wa Kivuko, na huku nitatembea juu ya jabali la Coco Beach siku za bamvua ili nilijue kabla ya kulihitaji. Nina maswali mawili yaliyobaki. Je, kamba ya mguuni ikikatika nikiwa nje ya majabali, niufuate ubao au niuache? Na je, ninajuaje siku ambayo bahari imezidi uwezo wangu, ikiwa wimbi likitazamwa kutoka barabarani huonekana dogo?

Mzee wa Msasani:

Uache. Wimbi litaupeleka kwenye mawe kabla yako, nawe ukiufuata utafika palepale bila kitu cha kuelea. Ogelea sambamba na pwani hadi kwenye kile kipande cha mchanga ulichokiwekea alama, subiri kundi la mawimbi lipite, ndipo utoke ufukoni. Ubao wa sponji ukichubuka unazibika. Ndiyo maana, kabla ya kuanza Coco Beach, uwe unaweza kuogelea baharini, si bwawani, mbali zaidi ya unapokusudia kwenda na ubao, na usiingie peke yako.

Kuhusu swali la pili, umeona vizuri kwamba barabara inadanganya, kwa sababu unatazama kutoka juu na huna kitu cha kulinganisha. Tafuta mtu aliye majini na ulinganishe: wimbi likimfikia kiunoni, ni lako, likimfika kifuani akiwa amesimama, ni la mwenye uzoefu kwenye mawe, likimpita kichwa, kaa ule muhogo. Soma pia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambao hutaja upepo na mawimbi ya pwani. Mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu, tahadhari ilitolewa mapema, na bado walikuwapo waliotaka kwenda kuona mawimbi kwa karibu.

Kwa hao vijana wa vibao vifupi, wasalimie na uwaulize kabla ya kuingia. Mkondo huhamisha mchanga kila msimu, na jiwe lililokuwa limefunikwa mwaka jana linaweza kuwa wazi mwaka huu. Wao ndio wa kwanza kujua. Ukishaangalia jedwali la maji la mwezi wa Juni, andika hapa ni asubuhi zipi maji mafu yanaangukia, tuzitazame pamoja.