Oti, rai au nyasi rai kwa malisho ya msimu wa baridi?

Ng'ombe Kumi na Mbili: Wakuu, heshima kwenu. Malisho yangu hulala kabisa baridi ikiingia, na nimechoka kubeba nyasi kavu kila siku. Nina hekta 3, nataka ng'ombe waingie wajilishe wenyewe. Kati ya nafaka za oti na rai, nyasi rai, na tanipu lile zao la mizizi, kipi bora?

Jembe la Zamani: Hujasema unataka kulisha lini, na hapo ndipo penye jibu. Oti huwahi: wiki 6 hadi 8 baada ya kupanda, ardhi ikiwa na unyevu, unaingiza mifugo, na wanaipenda mno. Lakini jalidi kali huiua. Joto likifika nyuzi 10 chini ya sifuri usiitegemee. Rai huvumilia. Huota hata udongo ukiwa na nyuzi 3 tu, hunyamaza baridi inapokolea, kisha huwa ya kwanza kuamka. Ubaya wake hukimbilia kutoa masuke. Ukizembea wiki mbili unabaki na mabua, na ng'ombe wanayapita tu.

Mama Mitamba: Tena asichanganye rai na nyasi rai, nimeona watu wakirudi na mbegu siyo. Rai ni nafaka, unaifukia sentimita 3 au 4. Nyasi rai mbegu yake nyepesi, ikizidi sentimita 1 hivi huioni tena. Mimi napanda hiyo, kilo 25 kwa hekta. Inachelewa kuanza, nakubali, ila ikishashika inaliwa, inachipua, inaliwa tena mpaka joto lirudi.

Kondoo Tele: Tanipu mmeiruka! Siku 70 hivi unalisha majani na mizizi yake. Ila ina maji mengi na nyuzinyuzi chache. Mwaka wa kwanza niliwafungulia kondoo wakiwa na njaa. Jioni wawili matumbo yamevimba kama ngoma. Siku hizi nawashibisha nyasi kavu kwanza, wanaingia muda mfupi tu, naongeza kidogo kidogo kwa wiki nzima.

Ng'ombe Kumi na Mbili: Nikichanganya oti na rai je?

Jembe la Zamani: Ndivyo nifanyavyo, kilo 50 kwa 50 kwa hekta. Oti inalisha mwanzo, rai inaendeleza. Usiingize mifugo kabla majani hayajafika sentimita 20. Na uvute kwanza kwa mkono: mche ukitoka na mizizi yake, bado. Wakibakiza sentimita 8 au 10, wahamishe. Mimi kosa langu lilikuwa hapo, niliwaacha wakwangue hadi chini nikidhani nabana matumizi, na shamba halikuinuka tena msimu ule.

Mama Mitamba: Una ng'ombe wanaonyonyesha? Kwenye rai changa inayokua kwa kasi, madini ya magnesi mwilini huweza kushuka. Ng'ombe anatetemeka, anaanguka, na anaweza kufa kabla daktari hajafika. Wape chumvi yenye magnesi mapema, kabla hawajaingia.

Ng'ombe Kumi na Mbili: Ninao watano, asante sana mama. Basi hekta 2 oti na rai, 1 nyasi rai. Tanipu nawaachia wenye kondoo.

Kondoo Tele: Haya. Utanitafuta.