Tupeane uzoefu: mimea ya milima yetu ya Kivu inabadilika vipi huko kwenu?

Jambo yenu. Mimi nakaa Kadutu, hapa Bukavu, ila shamba la familia liko Kabare, upande wa njia inayopanda Tshivanga. Wazee walipanda kahawa chini na viazi juu, kwa sababu kule juu baridi ilikuwa inaidumaza kahawa. Leo miti michache ya juu ndiyo inayozaa vizuri, ya chini inaugua. Geuza jani: upande wa chini kuna madoa ya rangi ya chungwa, ukipitisha kidole unga wake unabaki mkononi. Ni kutu ya kahawa, ugonjwa wa kuvu. Nataka kusikia mnayoyaona ninyi. Tajeni na mahali, maana mlimani ukipanda kidogo tu hali inakuwa nyingine.

Mkulima wa Kalehe
Huku kwetu kuna kutu, na kuna kidudu kinachotoboa tunda la kahawa. Kinapenda joto, ndiyo maana zamani tulikihesabu kuwa shida ya mashamba ya kando ya ziwa. Sasa nakikuta hata mashamba ya mlimani. Ushauri wangu: mkimaliza kuvuna, okoteni matunda yote, ya mtini na yaliyoanguka, msiache hata moja. Kidudu kinangojea humo hadi msimu ujao.

Mama wa Nyangezi
Kwangu ni mvua. Ya Septemba inakuja mara moja, unapanda maharagi, halafu jua linawaka mpaka mbegu inakufa ardhini. Mbegu ya pili unainunua kwa deni.

Mtoto wa mlinzi
Baba alifanya kazi ya kufuata nyayo za ngagi, yaani gorila, katika mbuga ya Kahuzi-Biega. Alitufundisha kwamba mianzi ikichipua na mvua za mwisho wa mwaka, ngagi wanahamia humo kula machipukizi. Anayajua majira yao kwa mianzi, si kwa kalenda. Mvua ikichelewa, machipukizi nayo yanachelewa, na ngagi wanabaki wanatafuta chakula kwingine. Siku hizi akisikia watu wanabishana kuhusu hali ya hewa, yeye anauliza tu: mianzi imechipua?

Mwanafunzi wa biolojia
Niongeze kidogo. Ukipanda mita 1,000, joto linapungua kwa nyuzi kama 6. Kwa hiyo dunia ikiongezeka joto nyuzi moja, mmea unaotaka baridi yake ya zamani unatakiwa uwe juu zaidi kwa mita kama 160. Mti wenyewe hauhami. Mbegu inayoangukia juu inaota, ya chini inashindwa, na kizazi baada ya kizazi kundi zima linasogea. Alexander von Humboldt, mtafiti Mjerumani, aliandika mimea ya milima ya Ecuador mwaka 1802. Watafiti waliporudi huko mwaka 2012 walikuta mimea imepanda kwa mamia ya mita.

Sasa tazameni Kahuzi. Kilele kiko mita 3,308. Mianzi iko kati ya mita 2,350 na 2,600 hivi, juu yake ni vichaka vya erika na mmea unaoitwa Senecio kahuzicus, ambao ni wa huku kwetu. Mianzi ikisogea juu, inaikuta ardhi. Hiyo mimea ya kileleni itasogea wapi? Na mlima unavyopanda ndivyo unavyokuwa mwembamba, nafasi inapungua hata kabla ya kufika mwisho. Hili linaniumiza kuliko kahawa, maana kahawa tunaweza kuipanda pengine.

Jirani wa mbuga
Tusisingizie joto kila kitu. Msitu umefunguliwa kwa shoka: mbao, makala (mkaa), watu waliokimbia vita. Tembo waliuawa karibu wote miaka ya 1990. Mahali palipo wazi kuna mmea unaotambaa, unapanda juu ya miti mikubwa na kuifunika hadi ikose mwanga. Kuenea kwake kumeletwa na mikono ya watu kwanza.

Mwanafunzi wa biolojia
Nakubali kabisa. Na msitu uliofunguliwa unakauka upesi, kwa hiyo joto linaukuta ukiwa tayari dhaifu.

Wa Mutwanga
Kwetu Ruwenzori ni barafu. Msafara wa Waitalia uliipiga picha mwaka 1906. Ukizilinganisha na za leo, sehemu kubwa imekwisha, na mawe yaliyobaki wazi yanaanza kuota kuvumwani na majani.

Mwanzisha mada
Aksanti sana wote. Jibu la Mutwanga limenipa wazo. Ecuador walijua kwa sababu kuna aliyeandika, Ruwenzori kwa sababu kuna aliyepiga picha. Mwenye picha ya zamani ya Kahuzi, hata ya arusi au ya shule ikiwa mlima unaonekana nyuma, aiweke hapa na mwaka wake.

Mtoto wa mlinzi
Baba ana moja ya mwaka 1987, wamesimama kwenye mianzi. Jumapili nitamwuliza ni mahali gani hasa, kisha nitaileta.