Naomba ushauri: kampuni ya filamu ya Uingereza inataka mswada wangu, nisaini?

Wakuu, habari za jioni. Naishi Leicester, kazi yangu ni kutunza wazee, na kwa miaka mitatu usiku nimekuwa nikiandika mswada wa tamthilia ya vipindi 6 kuhusu manesi wawili wa Tanga. Sasa kampuni ndogo huru ya London imeupenda. Nililia kwa furaha.

Naelewa kampuni hizi hazina stesheni zao za TV. Zinaandaa hadithi, kisha zinaipeleka BBC, ITV au Channel 4, ambayo tangu ianze 1982 hununua tamthilia kwa kampuni za nje. Ndiyo maana wanataka kuushikilia mswada miezi 18 wakitafuta mnunuzi, kwa pauni 1. Moja! Kipengele cha 7 cha mkataba kinawaruhusu kuongeza miezi 18 mingine bila kuniuliza, na kuleta mwandishi mwingine. Hapo ndipo moyo unagoma.

Wakala sina. Chama cha waandishi, Writers' Guild of Great Britain, huwapitia wanachama wake mikataba. Kuna aliyewahi kusaidiwa huko? Na nipiganie nini kwanza, pesa au jina langu? Wanataka jibu Ijumaa.