Mjomba anameza TLD, sasa kapimwa kaonekana na homa ya ini C. Dawa si ni hiyohiyo?

Mpwa wa Nachingwea
Shikamooni wakubwa. Nina jambo la mjomba wangu, na huku kwetu ya mjomba humwangukia mpwa. Yuko CTC, kliniki ya wenye VVU, miaka mingi, siku hizi anameza TLD, kidonge cha VVU, virusi vimefubaa, mikorosho yake anaipalilia mwenyewe. Juzi kapimwa homa ya ini, kipimo kikasoma C. Mwenzake wa CTC naye ana homa ya ini na aliambiwa TLD inatosha. Basi mjomba kasema harudi hospitali kufuata dawa aliyonayo tayari mfukoni. Ni kweli?

Mstaafu wa Maabara, Masasi
Marahaba mwanangu. Mwenzake hakudanganywa, ila yule bila shaka ana B. Ndani ya TLD mna dawa tatu: tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Mbili za kwanza hukandamiza na kirusi cha B. C hakiguswi na hata moja.

Halafu, kile kipimo cha kutoboa kidole hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili hutengeneza dhidi ya kirusi, hakitafuti kirusi. Kati ya watu kumi wanaoambukizwa C, kama watatu mwili hukifukuza wenyewe ndani ya miezi 6, ingawa mwenye VVU bahati hiyo ni adimu zaidi. Kingamwili zinabaki hata kirusi kikishaondoka. Kwa hiyo mjomba aombe kipimo cha kirusi chenyewe. Mashine ya GeneXpert mnayoijua kwa makohozi ya TB inakipima, ikiwa na katriji zake za C. Asikae nacho: VVU na C wakikutana, ini hupata makovu upesi zaidi.

Bodaboda wa Mikindani
Mzee, siku ile ulisema dawa ya VVU na ya C zimepita mikononi mwa mtu mmoja. Mbona sasa moja haitibu nyingine?

Mstaafu wa Maabara, Masasi
Hapo umenigusa. Yuko mkemia, Raymond Schinazi, mzaliwa wa Alexandria, Misri, mwaka 1950, wa Chuo Kikuu cha Emory kule Atlanta. Yeye na Dennis Liotta walifanya kazi kubwa kwenye lamivudini na emtrisitabini, dawa za VVU. Mwaka 1998 akashiriki kuanzisha kampuni ya Pharmasset, na humo akina Michael Sofia wakaitengeneza sofosbuviri ya kutibu C. Wanaosema Schinazi kavumbua yote peke yake wanatia chumvi.

Mbinu ni moja. Kirusi hujizalisha kwa kutunga mnyororo kiungo kwa kiungo. Wakemia hukipa kiungo bandia, mfano wa ushanga wenye tundu upande mmoja: uzi ukiingia hautoki, utungaji umekwama. Lakini VVU na B wana kimeng'enya, yaani fundi wa kutunga huo mnyororo, kinachofanana, C ana chake kingine, na bandia lazima ichongwe kufuata kimeng'enya. Tena VVU hujipachika ndani ya vinasaba vya seli zetu, ndiyo maana mjomba anameza maisha yote. C hakijipachiki. Wiki 12 za sofosbuviri pamoja na daklatasviri, zaidi ya 95 kati ya 100 wanapona kabisa.

Bei ndiyo iliyonikera. Mwaka 2013 Marekani waliiuza dola 84,000 kwa wiki hizo 12! Dola 1,000 kidonge! Baadaye viwanda vya India vikaruhusiwa kuitengeneza, ikashuka sana. Misri ndiyo iliyokuwa inaumia kuliko wote, maana miaka ya nyuma watu walichomwa sindano za kichocho kwa mabomba yaliyorudiwa, C ikasambaa vijijini. Wakapima mamilioni ya watu, wakawatibu, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likawapa heshima yao.

Mpwa wa Nachingwea
Nimempigia, amekubali kurudi. Anauliza: akianza ya C, TLD apumzishe? Na uraka, pombe ya mabibo, je? Mabibo ndiyo haya yanaanguka.

Mstaafu wa Maabara, Masasi
TLD asiache hata siku moja. Kama ana B iliyojificha, dawa ya C inaweza kuiamsha, na TLD ndiyo inayoikalia. Dolutegraviri haigombani na dawa hizo mbili za C. Angekuwa bado kwenye efavirenzi, dawa ya VVU ya zamani, dozi ya daklatasviri ingebidi iongezwe, kwa hiyo aende na kadi yake ya CTC daktari aone mwenyewe. Akiwa na dawa za TB pia, aseme mapema. Uraka aache, na nipa, ile kali ya kukeneka, ndiyo kabisa.