Naomba ushauri: nifundisheje maneno ya Kiingereza yanayoanza na in-?

Wadau, habari za jioni. Nipo Tanga, Chumbageni, nafundisha tuisheni ya Kiingereza kwa vijana wa kidato cha pili.

Kanuni ya kawaida wameishika: in- hukanusha, na hubadilika kufuata herufi inayofuata. Mbele ya p, b na m inakuwa im-, kama impossible. Mbele ya l tunapata illegal, na mbele ya r, irregular. Hapo hatuna shida.

Shida ni inflammable. Karibu darasa zima walijibu "kisichowaka", wakati maana yake ni kitu kinachoshika moto upesi, sawasawa na flammable. In- hii ya Kilatini haikanushi, inatia nguvu tu. Hili linanitia hofu kweli, maana neno lenyewe huandikwa kwenye mapipa ya mafuta na makopo ya tina, na hapa mjini wapo vijana wengi watakaoishia kufanya kazi bandarini na gereji. Akilielewa kinyume, anaweza kuungua.

Kuna na invaluable, kitu cha thamani isiyokadirika, na infamous, yaani mwenye sifa mbaya, wala si asiyejulikana.

Walimu wenzangu, niwaeleze asili ya Kilatini mapema, au niwape kwanza sentensi nyingi wazoee? Naelemea kwenye sentensi, ila nahofia watakariri bila kuelewa. Aliyewahi kufundisha mada hii kidato cha pili, alianzia wapi?