Kitakasa chupa kipi kinafaa: mvuke, maikrowevu, maji ya dawa au miale?

Mama Mpya
Habari zenu, wazazi wenzangu. Mwanangu ametimiza wiki tano. Ananyonya vizuri, lakini nimeanza kukamua maziwa kwa ajili ya siku nitakazorudi kazini, na mara chache hupewa ya unga. Mpaka sasa nachemsha kila kitu kwenye sufuria, na kusimama jikoni usiku wa manane kumenichosha. Nimeona kitakasa cha umeme kinachotumia mvuke, cha kuweka ndani ya maikrowevu, ndoo ya maji baridi yenye dawa, na kisanduku cha miale ya urujuanimno (UV). Ningependa kusikia kutoka kwa waliovitumia kwa miezi kadhaa, kwa sababu kila tangazo linadai kwamba bidhaa yake haina mpinzani.

Baba Pacha
Hongera kwa mtoto. Sisi tulikuwa na wawili kwa mpigo, kwa hiyo tulichukua cha umeme. Kinabeba chupa sita, kinamaliza kazi kwa takribani dakika kumi, kisha kinajizima chenyewe, jambo ambalo mzazi aliyesinzia atalishukuru sana. Kasoro yake ni ukoko wa chokaa unaojikusanya kwenye sahani ya chini. Usipouondoa kwa siki mara kwa mara, sahani huanza kuungua na kutoa harufu. Chupa zipangwe midomo ikiwa chini, zisibanane, na usifunue mfuniko mara tu mashine inapozima. Mimi nilifunua, na mkono wangu ulinifundisha adabu kwa siku tatu.

Bibi wa Wajukuu Saba
Naomba sufuria isitupwe nje ya mjadala. Maji yafunike vyombo vyote, pasibaki hewa ndani ya chupa, na dakika kumi zihesabiwe tangu maji yanapoanza kutokota, si tangu sufuria inapotua jikoni. Njia hii haihitaji kifaa kipya. Nakubali kwamba chuchu huchakaa mapema kwa kuchemshwa, hivyo zivutwe na kukaguliwa kila siku. Ikipasuka au ikianza kunata, itupwe. Nakubali pia kwamba sufuria haina kitufe cha kujizima. Niliwahi kupitiwa na usingizi, nikaamka nikakuta maji yamekauka na chupa mbili zimegeuka kitu nisichoweza kukitaja.

Msafiri
Nimetumia maji ya dawa kwa mtoto wa pili, na nayapendekeza kwa nyumba ambayo umeme wake hauaminiki. Dawa yenyewe ni ya jamii ya klorini, huuzwa ikiwa tembe au ya maji, na hupimwa kama kifungashio kinavyoelekeza. Vyombo vinazamishwa kabisa kwa dakika 30 angalau, na maji hubadilishwa kila baada ya saa 24. Chombo cha chuma kisiingie humo, kwa kuwa dawa hukila. Wengi huogopa ile harufu na kukimbilia kusuuza kwa maji ya bomba, na hapo ndipo wanaporudisha vijidudu walivyokwisha kuviua. Anayetaka kusuuza atumie maji yaliyochemshwa yakapoa.

Mkunga Mstaafu
Mmesema vyema, ila mjadala umeruka hatua ya kwanza. Hakuna kifaa kati ya hivyo kinachotakasa chupa chafu. Utando wa mafuta ya maziwa, hasa kwenye mikunjo ya chuchu na nyuzi za kifuniko, huwakinga bakteria dhidi ya dawa na miale, na hata joto hupata shida kuwafikia. Fungua kila kipande, sugua kwa brashi ya chupa, maji ya moto na sabuni, suuza, ndipo uchague kifaa. Nimewaona wazazi wenye mashine nzuri wakiosha chupa kwa kutikisa maji ndani yake tu.

Kisanduku cha miale nakiweka mwisho. Miale huua inapogusa tu. Palipo na kivuli, kama ndani ya chuchu au nyuma ya kipande kingine, haifiki. Mvuke hauna tabia hiyo, kwa kuwa hupenya kila upenyo.

Kuhusu umri, miongozo haifanani. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, hukazia kutakasa kila siku kwa watoto walio chini ya miezi 2, waliozaliwa kabla ya wakati au wenye kinga dhaifu, ilhali huduma ya afya ya Uingereza, NHS, hushauri kuendelea mpaka angalau miezi 12. Wako ana wiki tano, kwa hiyo kote wanakubaliana juu yake.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa umetaja maziwa ya unga. Unga wenyewe si safi kabisa hata kopo likiwa jipya. Unaweza kuwa na bakteria aina ya Cronobacter. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2007, lilielekeza kuukoroga kwa maji yasiyopungua nyuzi joto 70 za Selsiasi, kisha kuyapoza kabla ya kumnywesha mtoto.

Jiko Dogo
Cha maikrowevu kinatosha kwa chupa tatu au nne, kinawekwa kabatini kikimaliza kazi, na hakina waya. Pima kwanza ndani ya maikrowevu yako. Changu kilikwama mlangoni, ikabidi nikirudishe dukani.

Mama Mpya
Nawashukuru nyote. Naona kitakasa cha mvuke cha umeme ndicho kitakachonifaa, na tembe za dawa nitaziweka akiba kwa siku umeme ukikatika. Mkunga, pampu ya kukamulia nayo inaingia humo? Na chupa zikitoka zina matone, nizifute?

Mkunga Mstaafu
Vipande vinavyogusa maziwa, yaani koni inayokaa kwenye titi, vali na chupa, viingie iwapo maelekezo ya pampu yanaruhusu. Mota na mrija wa hewa vibaki nje. Usifute kwa kitambaa, kwa kuwa kitambaa cha jikoni kimebeba mengi kuliko hayo matone. Nawa mikono, kung'uta maji, unganisha chupa na chuchu yake papo hapo, ufunike. Zile usizohitaji ziache ndani, mfuniko ukiwa umefungwa, kwa muda ambao kijitabu cha mashine kinaruhusu.

Baba Pacha
Na siki usisahau, mama.